Ukishaona tundu kwenye tufaha, dawa umeshachelewa

Mhariri, naomba nafasi niongee na wakulima wenzangu wa matufaha na peasi kuhusu kiwavi wa nondo anayetoboa matunda yetu. Hii tabia ya kusubiri mpaka tunda litoboke ndo tukimbilie bomba la dawa tuiache jamani, inatumalizia hela na sumu tunaivuta wenyewe.

Chukua hilo tunda, futa ule uchafu wa kahawia uliojaa kwenye tundu kama unga wa mbao, halafu lipasue. Utakuta njia inaenda moja kwa moja hadi kwenye mbegu, na kiwavi yupo hapo, mwili wa pinki iliyopauka, kichwa cha kahawia, anatafuna mbegu. Sasa we unapuliza juu ya ganda na yeye yuko kule ndani, dawa itamfikia saa ngapi?

Mama yake ni nondo mdogo wa kijivu mwenye doa la rangi ya shaba kwenye ncha za mabawa, anaruka jua likizama, jioni ikiwa na baridi hatoki. Anataga yai moja moja kwenye majani na matunda machanga, kiwavi akianguliwa anatambaa nje muda mfupi tu kisha anatoboa anaingia, na huo muda mfupi ndo nafasi yetu, hamna nyingine. Mtego wa feromoni, ile harufu ya jike inayoita madume, wengi wanautegemea umalize nondo wakati kazi yake kubwa ni kukuonyesha wameanza kuruka lini ili uhesabu siku za mayai kuanguliwa, yanachukua kama wiki moja hadi mbili kutegemea joto. Hata ile dawa ya virusi vinavyomuua kiwavi huyu, vile vilivyopatikana Meksiko mwaka 1963, lazima kiwavi aile kabla hajazama ndani.

Mimi nilipoteza msimu mzima kwa kukisia, napiga dawa, naongeza dozi kama muuzaji alivyonishauri, na matunda yanadondoka vilevile. Na yaliyodondoka nikayaacha chini! Kiwavi akishiba anatoka, anajificha kwenye nyufa za gome na hapo ndo anapitisha baridi yote. Siku hizi nafunga kipande cha boksi la karatasi lenye mikunjo kuzunguka shina, viwavi wanaingia humo, nakivua nachoma.

Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo ukumbushe watu watundike mitego wakati miti iko kwenye maua, matunda yakishatoboka tangazo halitatusaidia.

Mkulima wa matufaha