Habari za masikio ya ukoo wetu

Mwanangu Mwanaidi,

Hujambo, na huyo uliyembeba hajambo? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo inatuonea.

Jumapili ulipopiga simu ulisema kliniki wamekuuliza kama kuna dawa inayokudhuru, nawe ukajibu hakuna. Neno "dawa" nililisikia, mengine nikayadakia nusunusu, ndiyo maana naandika badala ya kukupigia. Jibu lile halikuwa sahihi. Kosa si lako, ni langu mimi ambaye sikukuambia.

Unajua niliugua kifua kikuu mwaka 1987. Siku hizo matibabu yalikuwa miezi minane, na miezi miwili ya mwanzo ilikuwa sindano ya streptomaisini kila asubuhi, tako la kulia leo, la kushoto kesho, mpaka kukaa kwenye benchi ikawa kazi. Nilipona. Lakini tangu hapo nyenje sijawasikia tena. Mkilalamika usiku kwamba wanapiga kelele, kwangu kimya, ila mluzi mwembamba kichwani usiozima. Umeme ukikatika naambaa ukuta, maana gizani miguu yangu haijui sakafu iko wapi. Mjomba wako alipigwa sindano hizohizo mwaka 1991. Wiki ya tatu, alfajiri moja, akauliza mbona leo hawajaadhini. Walikuwa wameshaadhini, na msikiti uko nyuma ya nyumba.

Tulisema ni bahati mbaya. Nimefanya kazi maabara miaka thelathini, na bado nilichelewa kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu: ndugu wawili, tumbo moja, dawa moja.

Dawa hizi zina ukoo wake, aminoglikosaidi: streptomaisini, kanamaisini, amikasini, na hiyo jentamaisini ambayo manesi wanaiita jenta tu. Ya kwanza ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa vijidudu vya udongo, chuo cha Rutgers, New Jersey. Aliyekesha nayo maabara alikuwa mwanafunzi, Albert Schatz. Tuzo ya Nobel ya 1952 akapewa bosi wake peke yake, Selman Waksman. Sisi watu wa maabara habari hiyo haitushangazi.

Unamkumbuka bibi yako akisuka ukili? Mkono unafuata hesabu: mwaa mweupe, mwekundu, mweupe. Ndani ya bakteria kuna msukaji wa namna hiyo, ribosomu, anayesoma maagizo ya jeni na kusuka protini. Dawa hizi hukaa palepale maagizo yanaposomwa. Msukaji haachi kazi, ila anaokota mwaa usio wake. Protini zinatoka kombo, nyingine zinajipachika kwenye utando wa bakteria na kuutoboa, na kwenye matundu hayo dawa inazidi kumiminika. Ndiyo maana zinaua kweli, haziishii kumdumaza bakteria. Lakini kuingia kwa mara ya kwanza kunahitaji bakteria anayetumia oksijeni, kwa hiyo ndani ya jipu lililojaa usaha jenta haifui dafu. Na ukiimeza, utumbo hauinyonyi ifike kwenye damu. Sindano haikwepeki.

Usugu, yaani bakteria kutosikia dawa, niliuona kwa macho. Tulikuwa tunapaka bakteria kwenye pleti, kisahani cha kuwaoteshea, tunaweka juu kikaratasi cha duara chenye jenta, kidogo kuliko kifungo cha shati. Kesho yake ukikuta duara safi limezunguka kikaratasi, dawa inafaa. Miaka yangu ya mwisho kazini nilifungua pleti ambazo bakteria wameota mpaka wamekipanda kikaratasi chenyewe. Wengi wa hao wana vimeng'enya, protini zinazofanya kazi za kikemikali, vinavyoibandika dawa kiraka cha kikemikali, ikifika kwa msukaji haishiki tena, kama ufunguo uliomwagiwa gundi. Wengine wanaisukuma nje, wengine wamebadilisha pale inapokaa. Linalonikera zaidi ni kwamba jeni za vimeng'enya hivyo bakteria hupeana, hata wa aina tofauti, kama majirani wanavyoazimana ungo. Kisha nasikia mtaani mtu kaambiwa ana "UTI sugu", mkojo haukuoteshwa popote, anapigwa jenta siku tano dukani. Sugu wanaitengeneza wenyewe.

Vimelea vya kifua kikuu havihitaji kuazima, vyenyewe hubadilika. Uingereza walipoijaribu streptomaisini peke yake, majibu yakatoka 1948: baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 kati ya 55 waliochomwa, na 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Halafu wengi wa waliopata nafuu wakaugua tena, safari hii na vimelea visivyoijali dawa. Ndipo ikawa desturi kuchanganya dawa, na mimi nikala vidonge juu ya sindano.

Sasa sikio. Figo nazo huathirika, kwa kuwa seli zake huivuta dawa na kuilimbikiza, ila figo mara nyingi hurudi zikiachwa zipumzike. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Vya sauti nyembamba hutangulia, ndio nyenje wangu. Mtu yeyote anaweza kudhurika dozi ikizidi au siku zikiwa nyingi. Lakini wapo ambao hata dozi ya kawaida inawaziwisha. Seli zetu zina mitokondria, vijiwanda vinavyozipa nguvu, na mitokondria zina ribosomu zao zinazofanana na za bakteria. Kuna watu ambao herufi moja ya jeni za mitokondria, ile ya 1555, imebadilika, ufanano ukazidi, dawa ikashika kwao pia. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Watoto wa mjomba wako hawakupata kitu kwake. Wewe umepata zangu zote, na huyo uliyembeba anapata zako.

Sijapimwa, lakini masikio yetu mawili yananitosha kuwa na tahadhari. Rudi kliniki, waambie waandike kwenye kadi yako: mama na mjomba waliharibikiwa masikio kwa streptomaisini. Useme sasa, maana dawa hizi huvuka kondo la nyuma. Na useme tena wodi ya wazazi, kwa sababu kichanga akishukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu, kinachoanzishwa kwanza ni ampisilini na jenta. Wakijua mapema watatafuta dawa nyingine.

Wakikuambia nyingine haipo na mtoto anazidiwa, mwache achomwe. Usibishane nao. Mjomba wako hasikii kitu, na ana wajukuu sita.

Anakusalimu sana. Ameniambia ukija umletee betri za redio. Nikamuuliza za nini, akasema anapenda kuiwekea mkono akahisi inavyotetema wakati wa taarabu.

Mama yako