Mpiga teke wetu amepata timu, bado chumba

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wa Des Moines mnamjua huyu kijana: ndiye anayepanga viti kila Jumapili kabla ya kwaya kuingia. Alizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita Kivu Kusini. Kandanda aliijulia kwenye mpira wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kamba. Alipofika Iowa, kocha wa shule alimwona akipiga mashuti, akamvutia kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu. Mama yake mpaka leo anauliza mbona unaitwa mpira wa miguu na wote wanaushika mikononi. Mwanawe walau anatumia mguu. Yeye ni mpiga teke: akiupitisha mpira kati ya milingoti miwili, timu inapata pointi 3.

Sasa ameitwa na chuo cha miaka miwili hapa hapa Iowa. Msikidharau. Iowa Western ya Council Bluffs, chuo cha aina hiyo hiyo, ilikuwa bingwa wa Marekani wa vyuo hivyo mwaka 2022, ikarudia 2023. Vyuo vikuu vilitaka vyeti vya masomo tangu mwaka wa tisa wa shule, na mwaka huo aliusomea kambini. Karatasi zake zimepotea. Akimaliza miaka hii miwili kwa stashahada, njia ya chuo kikuu inafunguka tena.

Kazi anayo. Sekondari milingoti imeachana mita 7.1, karibu sawa na goli la kandanda. Chuoni ni mita 5.6 tu. Tena sekondari mpira huruhusiwa kuwekwa juu ya kibao kidogo cha plastiki; chuoni kibao ni marufuku, unapiga kutoka kwenye nyasi. Kwa hiyo amesimika fito mbili nyuma ya kanisa kwa upana wa chuoni, na kila jioni anapiga. (Dirisha la ofisi tumeshalisamehe.)

Wazee waliouliza kama Mkongomani anaweza mchezo huu: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1995 akakimbia na mpira yadi 313 (karibu mita 286) dhidi ya chuo kikuu cha Ohio State katika mechi moja.

Shida ni kwamba wapiga teke wengi huanza bila ufadhili, na kocha amempa nafasi, hakumpa pesa. Ruzuku ya Pell ya serikali, hata ikitoka kamili dola 7,395 kwa mwaka, ikishalipa karo haifiki kwenye chumba na chakula. Mama yake yuko zamu ya usiku kiwanda cha nyama na ana wadogo wanne nyumbani.

Tunatafuta dola 2,850: 1,900 za pengo la chumba na chakula muhula wa kwanza, 550 za kompyuta, 400 za viatu na nauli. Wakenya wetu wanaita harambee, sisi wa Kivu tunaita mchango. Bahasha ni moja, ya njano, itapita Jumapili hii na ijayo. Dola 5 inapokelewa. Kina mama watauza sombe na sambusa baada ya ibada, mje na njaa.

Mwenye gari kubwa amwone katibu. Kuna friji ndogo na masanduku mawili ya kupeleka mwanzoni mwa Agosti.