Shangazi, kabla ya kuogopa karatasi ya kipimo, omba kuiona picha

Shikamoo shangazi,

Karatasi ya kipimo cha jicho ulilopandikizwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imejaa rangi nyekundu, na nyekundu inatisha. Lakini namba zile zinatoka kwenye picha, na picha ya konea iliyoshonwa huharibika upesi.

Anza na ramani ya umbo la konea. Mashine humulika pete za mwanga juu ya jicho, kisha husoma zinavyoakisiwa na ute wa machozi. Penye ukavu pete hukatika au kupinda, na programu hujaza pengo kwa kukisia. Ndipo unapoambiwa una mkunjo ambao jichoni haupo. Kwangu hili ndilo kosa zito kuliko yote, maana ramani hiyo ndiyo daktari huitazama akiamua uzi upi wa nailoni utolewe: uzi uliokazwa mno huifanya konea iinuke zaidi katikati, kwenye mstari uliko uzi huo. Na uzi ukishakatwa haurudishwi. Omba uoneshwe pete zenyewe, si rangi tu.

Kwenye picha ya OCT, ile inayotumia mwanga kuonesha tabaka za jicho, mstari mweupe wima katikati ya konea si mpasuko. Ni mwanga uliorudi moja kwa moja kwenye mashine. Weusi ulio chini ya uzi ni kivuli cha uzi.

Kipimo cha neva ya jicho kina alama ya ubora wa picha. Kwenye mashine ya Cirrus alama huishia 10, na ikiwa chini ya 6 picha haitegemewi. Konea yenye ukungu huzuia mwanga, tabaka la nyuzi za neva likasomeka jembamba, ikaonekana kama glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Ila usipuuze, kwa sababu matone ya steroidi unayotumia yanaweza kupandisha presha ya jicho kweli. Kipimo kirudiwe.

Siku ya kipimo picha zitangulie, presha ifuate, kwa kuwa dawa ya ganzi na ile rangi ya njano ya kupimia presha huvuruga uso wa konea. Pepesa mara mbili tatu, fumbua, na picha ipigwe papo hapo. Anayekushikia kope asiliminye jicho. Zipigwe mbili au tatu: kasoro ya ukavu huhamahama, ya konea hubaki palepale.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likisumbuliwa na mwanga au kuona kukififia, usingoje tarehe ya kipimo. Nenda siku hiyohiyo.