Imepita kidogo tu

Mwanangu,

Salamu zako za Jumapili zimefika. Mama yako bado anaamini ile laki mbili ilinunua nyavu. Mimi najua imeishia kwenye dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu yenye picha za matunda, maana jioni ile pale Mabatini nilisimama mlangoni mwa duka nikakutazama, wewe hukugeuka hata mara moja. Taa ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikavuka tikiti, ikatua picha inayofuata. Ukapiga kioo kwa kiganja: "Dah, imepita kidogo!" Mkono ukarudi mfukoni kutafuta mia mbili nyingine.

Haikupita kidogo. Kukosa kwa picha moja au kwa picha kumi ni kukosa kulekule, sarafu imekwenda. Ila kichwa cha binadamu hakihesabu hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walipima ubongo wa watu wakicheza, wakaona kukosa padogo kunaamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda. Yaani umeliwa, ubongo unashangilia.

Mwalimu jirani yetu akaniongezea habari za Mmarekani mmoja, Skinner, na njiwa wake. Njiwa aliyezoea kupata punje kila akidonoa, punje zikikatika anaacha upesi. Anayepata mara moja moja, bila kujua lini, hudonoa na kudonoa hata pakiwa pakavu. Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Uliniambia, "Baba, hata ziwa ni kamari." Neno hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu lina ukweli. Kuna usiku tunarudi Kirumba mwaloni na dagaa wa ndoo mbili, mafuta ya injini hayarudi. Lakini ziwa linafundishika. Mbalamwezi ikiwaka tunalala, giza likiingia tunashusha taa. Wavu ukitoboka tunashona. Ukikaa na dubwi miaka thelathini, utajua kilekile ulichojua siku ya kwanza. Na ziwa halinipigii muziki likininyima. Dubwi linapiga: umeweka sarafu nane kwenye picha nane, tufaha limelipa tano, kengele zinalia, wenzako wanakupongeza, na wewe umepungukiwa tatu!

Sasa langu. Ulipoondoka jioni ile, niliingia. Nilitaka tu kujua unaona nini mle. Nikaweka mia mbili moja. Nilipotoka nilikuwa nimeweka kumi na moja, viganja vinanuka chuma, na ile ya mwisho, wallahi, ilipita kidogo tu. Mama yako hajui hilo pia.

Giza linaanza Jumatatu. Nimemwambia nahodha nafasi yako mtumbwini asimpe mtu, na hesabu yako ya usiku nitaishika mimi mpaka deni la nyavu liishe. Ukija mwaloni usipite dukani pale, zungukia kwa mama wa uji. Ni mbali kidogo. Mimi napita huko tangu wiki iliyopita.

Baba yako