Deni la Helb halifutiki CRB kwa kungoja

Mhariri,

Wengi waliosoma vyuo vikuu miaka iliyopita wanaamini kwamba mkopo usiolipwa wa Helb, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hujiondoa wenyewe baada ya miaka mitano kwenye CRB, kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu. Basi wanakaa wakingoja, na faini zinapanda. Miaka mitano imo kweli katika kanuni za Benki Kuu, ila huanza kuhesabiwa siku deni linapomalizwa kulipwa. Aliyenyamaza tangu 2009 bado hajaanza hata siku ya kwanza.

Kinachoumiza hapa si riba. Riba ya Helb ni asilimia 4 kwa mwaka. Faini ni Sh5,000 kwa kila mwezi usiolipiwa. Kwa mkopo wa Sh120,000, riba ya mwaka ni Sh4,800 na faini ni Sh60,000. Miaka miwili tu, faini imelingana na mkopo wenyewe. Tena sheria humpa mhitimu mwaka mmoja baada ya masomo, au muda mwingine ambao Bodi itaamua, aanze kulipa. Haiulizi kama amepata kazi.

Mtu akigundua jina lake limeorodheshwa, mara nyingi kwa sababu kazi ya serikali imedai vyeti, hukimbilia CRB. Huko si pa kuanzia. CRB huchapisha ilicholetewa na anayedai, haina mamlaka ya kupunguza hata shilingi. Anza Helb. Omba taarifa kamili ya akaunti tangu pesa za kwanza zilipotolewa, si jumla ya deni pekee, kisha igawe mara tatu: mkopo wenyewe, riba, faini.

Ukishaigawa, chukua hati zako za mshahara uzilinganishe na taarifa hiyo mwezi kwa mwezi. Kazi hii inachosha, lakini makosa mengi yamejificha humo. Kuna mwajiri aliyekata na hakuwasilisha. Kuna aliyewasilisha kwa nambari ya kitambulisho iliyokosewa tarakimu moja, pesa zisionekane kwenye akaunti yako. Kuna aliyechelewesha, mwezi ukahesabiwa haujalipiwa. Na kuna pengo la kuhama kazi: mwajiri wa zamani ameacha kukata, mpya hajaambiwa kwamba unadaiwa, na wewe unadhani mambo yanaendelea.

Kwa kila mwezi wenye kasoro, ambatisha nakala ya hati ya mshahara (asilia baki nayo) na uthibitisho wa malipo kutoka kwa mwajiri wenye nambari yako ya kitambulisho. Katika barua hiyo hiyo omba mambo mawili waziwazi: pesa ziingizwe kwenye akaunti, na faini ya miezi hiyo iondolewe. Usidhani la kwanza litaleta la pili.

Baada ya hapo angalia ukubwa wa faini. Mwaka 2022 Jaji Alfred Mabeya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Helb nayo inafungwa na kanuni inayozuia riba na faini kuzidi mkopo uliobaki wakati mtu alipoacha kulipa, kanuni iliyomo katika kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Kwa hiyo ukiwa ulibakiza Sh120,000 na sasa unadaiwa Sh700,000, una hoja ya kuandika. Weka hesabu yako kwenye karatasi, utaje uamuzi huo, uombe deni lihesabiwe upya. Hesabu itasikizwa kuliko malalamiko.

Bodi pia imewahi kutangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa kwa mkupuo. Ni nafasi nzuri kwa aliye na pesa mkononi. Asiye nazo asiingoje, na asithubutu kukopa kwenye simu ili alipe mkopo wa asilimia 4! Afadhali akubaliane na Bodi kiasi cha kila mwezi, kwa maandishi, na aulize kabla ya kutia sahihi kama faini zitasimama wakati analipa. Anayeendelea kulipa anaweza kupewa cheti cha kuonyesha kwamba anatimiza wajibu wake. Cheti cha kumaliza deni huja mwisho. Maafisa wa ajira huchanganya vyeti hivi viwili, kwa hiyo uliza wanataka kipi.

CRB ndiyo ya mwisho. Kampuni zenye leseni ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kuwa safi katika moja hakumaanishi uko safi kwingine. Chukua ripoti kwa zote. Kila moja inapaswa kukupa ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Ukikuta deni bado limeandikwa halijalipwa, peleka pingamizi kwa maandishi pamoja na cheti cha Helb, nayo kampuni italazimika kuuliza Helb na kurekebisha. Usishangae kuona mkopo bado umo kwenye ripoti: utabaki hapo miaka mitano ukionyesha umelipwa, na hivyo ndivyo kanuni zinavyotaka. Anayekuahidi kuufuta kabisa kwa ada anakuuzia hewa. Kwa kanuni za 2020, hata cheti cha CRB hutolewa bure kwa anayekiomba mara ya kwanza.

Mhasibu wa mishahara,
Nakuru