Barua ya wazi kwa mpwa wangu: kabla hujairekodia Mirage sauti ya kwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia umeipata Ensoniq Mirage, ile sampla (kinanda kinachorekodi sauti yoyote na kuipiga kwa noti), tena pamoja na diski zake. Ilipoingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 1980 iliuzwa dola 1,695, bei ya chini sana ukilinganisha na sampla nyingi za wakati huo. Chipu yake ya sauti ilibuniwa na Bob Yannes, yuleyule aliyebuni ile ya kompyuta ya Commodore 64. Ina biti 8 na kumbukumbu ya kilobaiti 128, nusu kwa upande wa kushoto wa kinanda, nusu kwa wa kulia. Kwa uhaba huo, kazi kubwa hufanyika kabla hujaanza kurekodi.

Anza na umeme. Soma maandishi ya nyuma: kama ni volti 120, usiichomeke kwenye soketi ya hapa kwetu bila transfoma ya kushusha. Halafu nakili diski ya mfumo, maana Mirage huusoma mfumo wake kutoka kwenye flopi kila ikiwashwa. Bila flopi hiyo haipigi chochote. Tumia flopi za inchi 3.5 za DD (zile za ujazo mdogo). Za HD (za ujazo mkubwa), hata ukiziba tundu lao la ziada la pembeni kwa selotepu, zinaweza kuandikwa leo na kesho zisisomeke, kwa sababu utando wake wa sumaku si wa aina ambayo mashine hii ilitengenezewa.

Sasa volyumu ya kuingilia, na hapa usiwe na haraka. Biti 8 ni ngazi 256 tu za kupimia ukubwa wa sauti. Sauti ikiingia desibeli 6 chini ya kilele, umepoteza biti nzima na zimebaki ngazi 128. Ikizidi, vichwa vya mawimbi hukatwa, na hakuna namna ya kuvirudisha. Hasara huonekana zaidi pale sauti inapofifia: mkia wa noti unajaa mkwaruzo. Kama unarekodi marimba, ipitishe kwanza kwenye kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ili mkia usishuke sana, kisha iachie Mirage ifanye kazi ya kuififisha kwa envelopu yake (mpangilio wa jinsi noti inavyopanda na kushuka), huku kichujio, kinachopunguza sauti za juu, kikifunga taratibu. Vichujio vya kutolea sauti ni vya analogi, kimoja kwa kila noti kati ya 8 ambazo mashine inaweza kuzipiga kwa pamoja, na vinaufunika mkwaruzo vizuri ajabu. Kwangu mimi ndivyo vinavyoipa mashine hii thamani.

Muda wa kurekodi hupangwa kwa mikrosekunde kati ya kipimo kimoja cha sauti na kingine; kila kipimo ni baiti moja. Ukiweka 30 unapata takriban sekunde 2 kwa kila nusu ya kinanda. Ukiweka 60 unapata karibu 4, lakini chochote kilicho juu ya kilohezi 8.3 hakirekodiki kwa usahihi. Kayamba lina sauti nyingi za juu kuliko hapo. Usipoteremsha kichujio cha kuingilia, zitajikunja kurudi chini na utasikia mlio ambao mbegu za kayamba hazikuutoa. Mlio wa kayamba ni mfupi, lipe 30. Ngoma nzito inaweza kuvumilia 60.

Kitanzi, yaani kipande cha sauti kinachorudiwa mfululizo ili noti iendelee kulia, ndicho kinachowakatisha watu tamaa. Mirage hugawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 256, nazo huhesabiwa kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), 00 hadi FF, kwa kuwa skrini ina tarakimu mbili tu. Piga hesabu: 256 mara mikrosekunde 30 ni milisekunde 7.68, yaani wimbi moja la hezi 130.2. Noti ya C iliyo oktava moja chini ya C ya katikati ni hezi 130.8. Kwa hiyo weka tuna ya simu (programu ya kupimia noti) kwenye A ya hezi 438 badala ya 440, mwimbaji ashike hiyo C bila kutetemesha sauti, na kila wimbi litaingia karibu sawasawa kwenye ukurasa mmoja. C za juu yake zinakubali pia. Usifunge kitanzi kwenye ukurasa mmoja, kitalia kama king'ora. Kurasa 32 ni robo sekunde, zinatosha kubakiza uhai wa koo. Kikigonga, sogeza mwisho wake baiti moja moja hadi mgongano upotee.

Usiitandaze sampuli moja, yaani sauti moja uliyorekodi, kwenye kinanda kizima. Ikipanda zaidi ya noti tano au sita, mwimbaji mtu mzima anageuka mtoto. Kila nusu inakubali sampuli hadi 8, ila zitagawana zile kilobaiti 64. Kwa ukataji na unakili wa aina hiyo utahitaji diski ya MASOS, mfumo wa Mirage wa kuhariri sampuli.

Ukiandaa sauti kwenye kompyuta, hakikisha data haina baiti yenye thamani 0 katikati: chipu hiyo huichukulia kuwa amri ya kusimama, na noti itakatika hapohapo.

Na kila ukipata sauti nzuri, ihifadhi kwenye flopi kabla hujaanza kuichezea. Umeme ukikatika, kumbukumbu yote inafutika.

Wako,
Mjomba