Barua kwa Shangazi: Kwa Nini Ninayachana Maduara Yangu

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na kamwene kwa wote wa hapo nyumbani Kihesa, Iringa. Ulipokuja Mbeya mwezi wa sita uliamka alfajiri ukanikuta nimepiga magoti sakafuni, nikichora duara moja kwa wino mweusi, kisha nikaichana karatasi ile na kuwashia mkaa. Hukusema neno mpaka siku ya kuondoka, pale stendi ya Nane Nane, uliponiuliza mambo mawili: je, nimeanza kuabudu sanamu, na kama sivyo, kwa nini ninaharibu kitu kilichochorwa vizuri? Basi lilikuwa linaondoka. Ninajibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza.

Duara lile Wajapani huliita enso, nalo limetoka kwa watawa wa Kibuddha wa madhehebu ya Zen. Huchorwa kwa mvuto mmoja wa brashi, mara nyingi ndani ya pumzi moja. Likipinda halinyooshwi, likibaki wazi haliungwi. Wino wa asili hutengenezwa kwa masizi na gundi ya wanyama (masizi, Shangazi, yale yale yanayokusumbua kwenye sufuria), ukakaushwa kuwa kipande kigumu, na anayetaka kuchora hukisaga polepole juu ya jiwe lenye maji kidogo, akitulia kadiri anavyosaga. Mimi wino wangu ni wa chupa, nilioununua Mwanjelwa, kwa hiyo badala ya kusaga ninakaa kimya kwa dakika 10 kabla ya kushika brashi. Hizo ndizo ngumu. Karatasi hunywa wino papo hapo na haifichi kitu: siku nikiwa na hasira na mtu, wino hujaa pale mwanzo kama dimbwi, nikiwa na haraka, duara humalizika limekauka, brashi ikikwaruza.

Hakuin, mtawa wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1686, kazi zake nyingi zinazojulikana alizichora akiwa amevuka miaka 60, na alimrudia Bodhidharma, anayehesabiwa kuwa baba wa Zen, mara nyingi mno, macho yakiwa yamemtoka. Nakutajia huyo kwa sababu ulisema nimechelewa kujifunza.

Kuhusu sanamu sitakudanganya. Wapo Wabuddha wengi wanaoinama mbele ya sanamu ya Buddha na kuiwekea maua na ubani. Hata Dar es Salaam lipo hekalu lao la siku nyingi, lililojengwa na watu wenye asili ya Sri Lanka. Lakini katika michongo ya kale ya Sanchi, nchini India, Buddha haonyeshwi kwa umbo la mtu: unaona nyayo, gurudumu, mti, au kiti kitupu kilichozungukwa na waumini. Sanamu zenye sura yake zilienea baadaye, karibu na karne ya kwanza baada ya Kristo, huko Gandhara, eneo ambalo leo liko Pakistan na Afghanistan, na Mathura, India. Mimi sichori sura yake wala siombi kwa jina lake, na Jumapili ninaketi kanisani kwenye benchi lile lile. Nimeazima kwao namna ya kunyamaza, na ninaona ni haki kusema kwamba nimeazima, kuliko wale wanaouza vitabu vya mandala, yale maduara ya nakshi ya Kibuddha, za kupaka rangi kana kwamba ni dawa ya usingizi isiyo na mwenyewe.

Mandala yenyewe, kwa watawa wa Tibeti, ni makao matakatifu yaliyochorwa kama ramani. Moja yao, iitwayo Kalachakra, ina wakazi watakatifu 722. Mtawa hushika mrija wa chuma wenye meno na kuusugua kwa mwingine, mchanga wa rangi ukashuka kama uzi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa siku nyingi. Ikikamilika huombewa, hufagiwa yote, na mchanga humwagwa kwenye maji yanayotiririka.

Wewe nawe huanzia katikati. Nikiwa mtoto nilikuona ukifumua kitako kizima cha kikapu cha milulu, zile nyasi za kusukia, kwa sababu mzunguko wa tatu ulikuwa umelegea, na hukulalamika. Ulianza upya huku ukiimba tenzi kwa sauti ya chini. Hapo tunafanana, ila kuna jambo moja tunaloachana. Wewe unaweza kufumua, na kikapu chako kitabeba mahindi. Duara langu halifumuliki, wala halibebi kitu. Mwaka jana nilibandika moja ukutani kwa sababu lilinipendeza, likakaa miezi miwili, na katika miezi hiyo sikuchora duara jingine lolote ila nakala ya lile la ukutani, nikilichungulia kwa jicho la pembeni na kuikadiria pumzi yangu ili nilifikie. Dakika zangu 10 za kimya zikawa dakika za kujiandaa kusifiwa. Nililibandua mwenyewe, nikalichana, na tangu siku hiyo sijahifadhi hata moja.

Krismasi nitakuja Kihesa. Nitaleta wino na karatasi chache, nawe uniwekee milulu ya kutosha kitako kimoja. Ninataka kuona kama mkono uliozoea kuliacha kosa lilivyo unaweza kujifunza kulifumua.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.